Jinsi ya kukadiria VO2max yako kwa wati za baiskeli

Maswali kuhusu VO2max, yaani uwezo wa mwili kutumia oksijeni, ni yale yale kila wiki. "Saa yangu inasema VO2max ni 47, programu inasema 54, niamini ipi?" Au: "Nina wati 250 za dakika tano, hizo ni VO2max ngapi?" Au mtu amefanya jaribio la kupanda ngazi, lile la kuongeza wati hatua kwa hatua hadi ushindwe, akachukua fomula aliyoiona mahali, akapata 61, na sasa anashangaa mbona wenzake wanamwacha kwenye kilima. Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu, na nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja.

Kabla ya kuendelea, shika jambo moja, kwa sababu karibu makosa yote ninayoyaona yanatoka hapo: kila fomula ina jaribio lake. Fomula iliyotengenezwa kwa wati za dakika tano inataka wati za dakika tano. Ukiitia wati za dakika moja itakupa namba, na namba hiyo itapendeza, lakini haitakuwa yako.

## Nadharia, kidogo tu

VO2max ni kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili wako unaweza kutumia kwa dakika. Huandikwa kwa lita kwa dakika, au kwa mililita kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Ile 47 au 54 ya kwenye saa ni ya aina hii ya pili.

Kila lita ya oksijeni unayoitumia inatoa nishati ya kilojuli 20 hadi 21 hivi. Sehemu inayofika kwenye pedali ni kama moja ya tano, kwa wengine zaidi kidogo, na inayobaki yote inakuwa joto. Sehemu hiyo haitofautiani sana kati ya mtu na mtu, ndiyo maana wati zinaweza kutuambia habari za oksijeni. Lakini inatofautiana kiasi, na ndiyo maana hesabu hii ni makadirio. Kipimo chenyewe hufanyika maabara, kwa barakoa inayopima hewa unayovuta na unayotoa.

## Unavyohitaji

- Baiskeli yenye kipima nguvu, au trena ya ndani (kifaa kinachoshika baiskeli ili uendeshe ukiwa mahali pamoja) inayoonyesha wati. Wati ambazo programu inazikisia kutokana na mwendo na uzito wako hazifai kwa kazi hii.
- Kompyuta ya baiskeli au simu inayorekodi safari nzima.
- Mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo. Kwa jaribio la tatu ni lazima. Kwa mawili ya kwanza unasaidia kukagua.
- Mizani. Jipime siku hiyo hiyo, ukiwa na nguo nyepesi.
- Feni yenye nguvu kama uko ndani. Bila feni joto linakumaliza kabla mapafu hayajafika mwisho.
- Ukifanyia nje: kilima cha mteremko mmoja, kisicho na kona kali, makutano wala magari mengi, kinachokuchukua zaidi ya dakika sita kukipanda.

Usifanye jaribio la kwanza wala la pili bila kuonana na daktari kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kisukari, maumivu ya kifua, au uliwahi kuzimia ukiwa mazoezini. Hali kadhalika kama una umri wa miaka 45 au zaidi na hujazoea mazoezi makali. Ukiwa na homa au mafua, ahirisha. Na katikati ya jaribio lolote, kifua kikibana au kichwa kikizunguka, acha papo hapo.

## Chagua jaribio lako

Kama umeendesha kwa miezi kadhaa na unajua kujikamua, fanya la dakika tano. Kama una trena inayoshika wati yenyewe na hujui kupanga kasi yako, fanya la ngazi. Kama huwezi au huruhusiwi kufika mwisho wa nguvu zako, fanya la mapigo ya moyo. Ukishachagua, baki na hilo hilo. Kulinganisha matokeo ya la kwanza na ya la pili ni kupima kitambaa kimoja kwa pima mbili.

## Jaribio la kwanza: dakika tano

Hili ndilo ninalolipendekeza kwa wengi, na ndilo nitakaloeleza kwa kirefu.

1. Pumzika siku moja kabla. Safari fupi ya polepole haina neno. Usile chakula kizito ndani ya saa tatu kabla ya jaribio. Kama huwa unakunywa kahawa, kunywa kama kawaida yako, na mara nyingine ufanye vivyo hivyo.

2. Weka sifuri kwenye kipima nguvu, yaani kiweke kisome sifuri wakati pedali hazikanyagwi. Kitoe mahali kilipo, kiache dakika kumi hivi kizoee joto la pale utakapofanyia, halafu ndipo uweke sifuri. Vipima nguvu vingi huyumba joto linapobadilika. Trena nazo nyingi zinataka kusawazishwa baada ya kupata moto, yaani ukishapasha mwili kwa dakika kumi.

3. Zima hali ya trena kushika wati yenyewe. Katika jaribio hili wewe ndiye unayeamua nguvu, sekunde kwa sekunde. Trena ikiwa imefungwa kwenye wati fulani utapata zile ulizoiamuru, na hutajua kama ulikuwa na zaidi.

4. Pasha mwili dakika 24 hivi. Kumi za kwanza taratibu. Kisha piga pedali kwa nguvu kwa dakika moja, pumzika mbili, rudia mara tatu. Malizia kwa dakika tano nyepesi. Mapafu na moyo huchukua muda kufika kasi ya juu, na mtu anayeanza akiwa baridi hupoteza dakika nzima ya mwanzo.

5. Panga wati za kuanzia. Kama unajua wati unazoweza kuzishika kwa muda wa karibu saa nzima, zile wanazoziita FTP, zidisha kwa 1.15 na uanze hapo. Kama huzijui, anza kwa nguvu ambayo unaamini ungeishika kwa dakika nane.

6. Endesha. Hapa ndipo jaribio linapoharibika au kufaulu, kwa hiyo nieleze dakika kwa dakika.

Dakika ya kwanza itakuwa nyepesi, nyepesi mno. Miguu ina nguvu, pumzi bado imetulia, na utashawishika kuongeza. Usiongeze. Dakika ya pili utaanza kuhema kwa mdomo. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: mapaja yanawaka, na bado zimebaki mbili. Shika wati zile zile tu, usitazame saa, hesabu mizunguko ya pedali kama inakusaidia. Ya nne, ukiona bado una kitu, ongeza wati tano au kumi. Dakika ya mwisho toa ulichonacho chote. Ukimaliza uwe huwezi kusema sentensi nzima.

Mwenzangu mmoja ninayefanya naye mazoezi alianza na wati 340 kwa sababu siku hiyo alijisikia vizuri. Dakika ya tatu alikuwa ameshuka hadi 210, na wastani wake ukawa 251. Wiki moja baadaye alianza na 265, akaishia na wastani wa 270. Mapafu yale yale, miguu ile ile, tofauti ya wati 19 kwa sababu ya dakika ya kwanza peke yake.

7. Pooza mwili dakika kumi kwa gia nyepesi. Usishuke ghafla ukasimama. Damu inabaki miguuni na unaweza kuanguka.

8. Chukua wastani wa dakika tano. Wastani wa kawaida. Programu nyingi huonyesha pia "wati zilizosawazishwa", ambazo huzipa uzito zaidi nyakati ulizokaza. Hizo ziache.

9. Piga hesabu. Gawanya wati kwa uzito wako wa kilo, kisha:

VO2max = 16.6 + (8.87 × wati kwa kilo)

Yule mwenzangu ana kilo 70. 270 ÷ 70 = 3.86. Mara 8.87 ni 34.2. Jumlisha 16.6, unapata 50.8 mililita kwa kilo kwa dakika.

Fomula hii ilipatikana kwa waendesha baiskeli za barabarani waliozoea mazoezi. Kama ndiyo kwanza umeanza, ile 16.6 ya mwanzo inaweza kukupa zaidi ya unachostahili, na mimi ningekushauri ufanye jaribio la tatu kwanza.

## Jaribio la pili: kupanda ngazi

Mwaka 1992 John Hawley na Timothy Noakes, wakifanya kazi Afrika Kusini, walipima waendesha baiskeli 100 na kukuta kwamba wati za juu kabisa mtu anazofikia katika jaribio la ngazi zinaendana kwa karibu sana na VO2max yake. Fomula yao bado inatumika:

VO2max kwa lita kwa dakika = (0.01141 × wati za juu) + 0.435

Ngazi zao zilikuwa za sekunde 150, dakika mbili na nusu, na hiki ndicho kitu ambacho watu hukiruka. Programu nyingi za leo zina ngazi za dakika moja. Ngazi fupi zinakupandisha hadi wati kubwa kabla mwili haujachoka, kwa hiyo namba inatoka kubwa kuliko inavyopaswa. Nilivyopanga hapa nimerahisisha mwanzo wao, lakini urefu wa ngazi nimeuacha kama ulivyo.

1. Pasha mwili dakika 15, weka sifuri, washa hali ya trena kushika wati yenyewe.
2. Anza na wati kama 100 chini ya pale unapodhani utaishia. Lengo ni jaribio zima lichukue dakika 10 hadi 15.
3. Kila sekunde 150 ongeza wati 25. Unaweza kuandika mpango huu kwenye programu karibu yoyote ya trena.
4. Piga pedali kwa mizunguko 80 hadi 100 kwa dakika. Ikishuka chini ya 70 na huwezi kuirudisha, jaribio limekwisha.
5. Andika ngazi ya mwisho uliyoimaliza yote, na sekunde ulizodumu kwenye ile iliyokushinda.
6. Wati za juu = wati za ngazi uliyoimaliza + (25 × sekunde ulizodumu ÷ 150).

Mfano: umemaliza ngazi ya wati 275, ukadumu sekunde 60 kwenye 300. 25 × 60 ÷ 150 = 10. Wati zako za juu ni 285. Zidisha kwa 0.01141 upate 3.25, jumlisha 0.435, ni lita 3.69 kwa dakika. Kwa mtu wa kilo 70, zidisha lita kwa 1000 kisha gawanya kwa 70: 52.7.

Tahadhari moja ya trena: mizunguko ikishuka, trena inayoshika wati inazidi kukaza pedali ili wati zisipungue. Ukizubaa kidogo tu inakuganda miguuni na jaribio linakufa kabla ya wakati wake. Ukihisi mizunguko inateleza, iharakishe mapema.

## Jaribio la tatu: bila kufika mwisho

Hapa hatutafuti mwisho. Tunaangalia mapigo ya moyo yanavyopanda kadiri wati zinavyopanda, kisha tunaurefusha mstari hadi kwenye mapigo yako ya juu.

1. Pasha mwili dakika kumi taratibu.
2. Endesha dakika nne kwa wati utakazozishika huku ukiweza kuzungumza, kwa mfano 100. Andika wastani wa mapigo ya dakika ya mwisho.
3. Bila kusimama, ongeza wati 50, dakika nne nyingine, andika tena. Kama zinakulemea, ongeza 25 au 30 tu. Mapigo yawe kati ya 110 na 150 katika ngazi zote mbili. Chini ya 110 hubadilika hata kwa wasiwasi na kelele, na hayafai kwa hesabu.
4. Tafuta mapigo yako ya juu. Kama umewahi kuyaona katika mazoezi makali, tumia hayo. Kama hujawahi, tumia 208 − (0.7 × umri).
5. Piga hesabu ya mstari. Tuseme wati 100 zilikupa mapigo 120, na wati 150 zikakupa 140. Wati 50 zimeongeza mapigo 20, yaani 0.4 kwa kila wati. Mapigo ya juu ni 185. Kutoka 140 hadi 185 ni 45, na 45 ÷ 0.4 ni 112. Wati zako za juu ni 150 + 112 = 262.
6. Tia kwenye fomula ya Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo: VO2 = (10.8 × wati ÷ kilo) + 7. Kwa kilo 70: 10.8 × 262 ÷ 70 = 40.4, jumlisha 7, unapata 47.4.

Udhaifu wake uko kwenye hatua ya nne. Mapigo ya juu ya mtu yanaweza kupishana na fomula ya umri kwa mapigo kumi, hata zaidi. Katika mfano wetu mapigo kumi ni wati 25, na wati 25 ni karibu alama nne za VO2max. Kwa anayeanza siyo mbaya, bora tu asibishane na mtu kwa alama mbili.

## Makosa ninayoyaona kila mara

Wati sahihi, fomula siyo yake. Mtu wa kilo 70 mwenye wati 315 za dakika moja ya mwisho ya jaribio la ngazi la programu akizitia kwenye fomula ya dakika tano anapata 56.5. Dakika tano zake halisi ni 270, yaani 50.8. Karibu alama sita zimetoka hewani. Kinyume chake, akiitia FTP ya 225 anapata 45.1 na kuanza kujidharau bila sababu.

Kipima nguvu cha mguu mmoja. Hivi hupima mguu wa kushoto na kuzidisha kwa mbili. Kama mguu wako wa kushoto unatoa asilimia 48 ya kazi yote, wati 270 za kweli zitasomeka 259. Hakina ubaya wa kufuatilia maendeleo yako mwenyewe, mradi usijilinganishe na mwenye kipima nguvu cha pande zote mbili.

Uzito wa kukumbuka. Watu huandika uzito wa mwaka jana, na kilo tatu hubadilisha jibu kwa zaidi ya alama moja. Jipime.

Mahali pa juu. Hewa ya sehemu za mwinuko ina msukumo mdogo wa oksijeni, na VO2max yenyewe inashuka kadiri unavyopanda. Jaribio la huko linakuonyesha uwezo wako wa huko. Usililinganishe na la bondeni.

Kurudia kila wiki. Uwezo huu haubadiliki kwa siku saba. Rudia kila baada ya wiki sita hadi nane, saa ile ile, baiskeli ile ile, feni ile ile.

## Mambo yakienda kombo

*Mapigo ya moyo hayakupanda.* Kama katika jaribio la kwanza au la pili uliishia mapigo 15 chini ya yale unayoyajua kuwa ya juu, huenda ulikuwa umechoka tangu mwanzo, au miguu iliacha kabla ya moyo. Pumzika siku tatu, rudia. Kabla ya hapo hakikisha mkanda wa kifuani una unyevu, kwa maana ukiwa mkavu husoma ovyo dakika za mwanzo.

*Wati zinarukaruka bila mpango.* Betri kwanza. Kisha angalia kama pedali au mkono wa pedali umekazwa sawasawa. Kipima nguvu cha kwenye pedali kisichokazwa vizuri hudanganya kwa asilimia kadhaa.

*Nje napata wati nyingi kuliko ndani.* Ni kawaida. Nje baiskeli inayumba pamoja nawe, upepo unakupooza, na kilima kinakuvuta. Chagua mahali pamoja na ubaki hapo.

*Saa inasema tofauti na hesabu yangu.* Saa nyingi hukadiria kwa kulinganisha mapigo na wati, au na mwendo, bila wewe kufika mwisho, kama jaribio letu la tatu. Tofauti ya alama tatu au nne isikunyime usingizi. Ikizidi saba, kagua uzito na mapigo ya juu uliyoiandikia saa. Mara nyingi hujawahi kuyabadilisha tangu uinunue.

*Matokeo yanaonekana makubwa mno.* Wengi wa vijana wasio wanamichezo wako kati ya 35 na 45, waliozoea baiskeli hufika 50 hadi 65, na wa kiwango cha dunia hupita 70. Ukipata 72 na bado unaachwa kwenye safari za mwisho wa wiki, rudi kwenye kipima nguvu. Iko pia sababu ya kweli: dakika tano hazitumii oksijeni peke yake. Mwenye miguu ya mbio fupi huchangia nishati nyingi isiyohitaji oksijeni, na fomula inaihesabu kana kwamba ni ya mapafu. Mtu wa namna hii afanye jaribio la pili.

*Namba imepanda alama moja.* Bado hujapanda. Kipima nguvu chenyewe kina kosa la asilimia moja au mbili, usingizi wa jana una lake, na fomula ina lake. Chini ya asilimia tano mimi huandika kwenye daftari na kuendelea na mazoezi yale yale.

*Nimepungua kilo nne, VO2max imepanda.* Kwa kilo, ndiyo. Zidisha kwa uzito wako na ugawanye kwa 1000 upate lita kwa dakika, kisha linganisha. Mwenzangu wa 50.8 alikuwa na lita 3.56. Miezi mitatu baadaye, akiwa na kilo 66, wastani wa dakika tano ulikuwa 262 na fomula ikampa 51.8, akafurahi. Kwa lita alikuwa 3.42. Alikuwa amepungua kila mahali, hata injini, kwa sababu alikula kidogo kuliko mazoezi aliyoyafanya. Tulimrudishia chakula kwanza, wati baadaye.